Crown ya Haibridi Kigoma: Betri, Barabara na Bei

Mtu wa Kigoma akitaja gari la kifahari la haibridi lililotumika, mara nyingi huwa anamaanisha Toyota Crown. Lexus GS na LS zipo, Nissan Fuga ipo, na Toyota Sai nayo ipo, ila Crown ndiyo mafundi waliyoizoea, ndiyo yenye spea Kariakoo, na ndiyo dalali anayoanza nayo akisikia mteja ana hela ya kutosha. Jina lenyewe ni la tangu mwaka 1955. Haibridi ilikuja baadaye sana: Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, Lexus GS 450h ikafuata mwaka 2006, LS 600h mwaka 2007, na mwaka 2008 ikatoka Crown ya haibridi yenye injini ya silinda sita ya CC 3,456. Mwishoni mwa mwaka 2012 Toyota ilitoa Crown nyingine, ambayo haibridi yake ina injini ya silinda nne ya CC 2,493. Hii ya pili, katika matoleo yake ya Royal na Athlete, ndiyo inayozungumziwa hapa.

Kwenye kadi ya gari, namba ya chasisi ya haibridi hiyo huanza na AWS210. Ikianza na GRS210, gari ni la petroli tupu, silinda sita, CC 2,500 hivi. Tofauti hiyo ni ya kuangalia kabla ya kuangalia rangi wala viti, kwa sababu nembo za kubandika hununuliwa dukani na dalali si lazima awe anajua anachouza.

Kinachofanya gari liitwe haibridi ni kwamba magurudumu yake yanaweza kusukumwa na injini, na mota ya umeme, au na vyote viwili kwa pamoja. Mota zipo mbili, zimefichwa mahali ambapo gari la kawaida huweka giaboksi. Moja huwasha injini na kuzalisha umeme. Nyingine huzungusha magurudumu, na dereva akikanyaga breki hugeuka kuwa jenereta inayorudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana gari hili halina stata wala oltaneta. Nyuma ya kiti cha nyuma, upande wa buti, imekaa betri kubwa ya nikeli yenye zaidi ya volti 200, na inveta iliyo mbele huupandisha umeme huo hadi zaidi ya volti 600. Nyaya zinazoubeba zimefunikwa plastiki ya rangi ya chungwa, na rangi hiyo ni onyo: asiyesomea asiguse.

Swali linaloulizwa sana ni kama gari hili huchomekwa ukutani. Halichomekwi, na wala halina mahali pa kuchomeka. Umeme wake wote hutoka kwenye petroli na kwenye breki. Kwa mkoa ambao hadi mwaka 2022 ulikuwa ukiendeshwa kwa majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, si ajabu watu kuogopa gari linalotegemea TANESCO. Hili halitegemei.

Bei ya kununulia Japani ndiyo inayowavuta wengi. Gari lililokuwa la mkurugenzi wa kampuni likiwa jipya huuzwa mnadani, likiwa na miaka kumi, kwa hela isiyotofautiana sana na ya gari la kawaida la umri huohuo. Magari ya kifahari hushuka bei haraka kila mahali, na haibridi huongezewa mzigo mwingine: mnunuzi wa Kijapani anajua umri wa betri. Bei ile ndogo tayari imeshahesabu betri inayochakaa. Anayenunua akidhani amepata bahati amelipia nusu tu ya gari. Nusu nyingine italipwa Kigoma, siku betri itakapokataa.

Mnada wa Japani hutoa karatasi ya ukaguzi yenye alama. Gari la 4 au 4.5 ni zuri, la 3.5 limechoka kidogo, na lenye herufi R liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Mchoro wa bodi ulio kwenye karatasi hiyo huonyesha kila mkwaruzo kwa herufi na namba. Muuzaji mwenye gari safi hasiti kuitoa. Kilometa nazo zimo, na huweza kulinganishwa na zinazosomeka kwenye dashibodi gari likishafika, maana safari kati ya bandari ya Japani na yadi ya Dar es Salaam imewahi kupunguza kilometa za magari mengi kuliko ilivyoziongeza. Karatasi hiyo, hata hivyo, ina upungufu mmoja mkubwa kwa mnunuzi wa haibridi: husema mengi kuhusu rangi na viti, lakini haisemi seli za betri zimebaki na nguvu kiasi gani.

Gari likifika bandarini, TRA hulikadiria kwa mfumo wake wenyewe wa thamani za magari yaliyotumika, si kwa risiti ya mnunuzi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Juu yake huja ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, na CC 2,493 huliweka gari kwenye kundi la juu, la zaidi ya CC 2,000. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, asilimia 30 kwa lililozidi kumi. VAT huhesabiwa mwisho, juu ya vyote hivyo, pamoja na tozo ndogondogo. Zikijumlishwa, kodi hukaribia thamani ya gari iliyokadiriwa, na kwa gari la zaidi ya miaka kumi huipita. Viwango huweza kubadilika kila bajeti ya Juni, kwa hiyo kikokotoo cha TRA mtandaoni ndicho cha kuaminiwa kuliko neno la wakala.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania Bara haikufunga mlango. Iliweka bei ya kupita mlangoni. Matokeo yake ni kwamba Crown za mwaka 2013 na 2014, zenye betri zilizozeeka, bado zinaweza kuletwa, na ndizo zenye bei ya kuvutia.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kama kilometa 1,250 kwa reli ya kati, iliyofika ziwani mwaka 1914, na kwa barabara si mbali na hapo. Wengi huamua gari lije kwa magurudumu yake, likiendeshwa na dereva wa kukodi, mara nyingi mmoja wa wale waliozoea magari ya IT yanayovuka kwenda Burundi na Kongo. Madereva hao wana haraka, maana hulipwa kwa gari, si kwa siku. Gari lililolala mwezi mzima melini halafu likakimbizwa Dodoma, Singida, Nzega na Tabora bila kupumzika hupata mtihani wake wa kwanza hapo. Si jambo baya kwa mnunuzi mwangalifu: safari hiyo ndiyo kipimo cha betri kuliko mizunguko miwili ya yadi, ilimradi anayeendesha aambiwe aangalie nini na apige simu taa gani ikiwaka.

Barabara ya Tabora hadi Kigoma, kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, kwa miaka mingi ilikuwa lami kipande na udongo kipande. Daraja la Kikwete kwenye mto Malagarasi liliondoa kero kubwa kuliko zote, na lami imekuwa ikiongezeka tangu hapo. Lakini Crown haina uvumilivu wa Land Cruiser. Tumbo lake liko kama sentimita 13 au 14 tu kutoka chini. Athlete huja na rimu za inchi 18 na matairi membamba ya ubavu mfupi, na shimo moja la ukingo mkali hupinda rimu na kupasua tairi kwa pigo moja. Kwa kuwa betri imechukua nafasi nyuma, baadhi ya magari haya hutoka kiwandani bila tairi la akiba, yakiwa na chupa ya gundi na pampu ndogo tu. Gundi ile huziba tundu la msumari. Haizibi mpasuko. Mwenye akili huzibadilisha rimu kuwa za inchi 16 au 17 zenye tairi nene zaidi, na hununua tairi la akiba hata kama litakula nusu ya buti.

Ukaguzi wa Crown iliyokwisha sajiliwa Tanzania, iwe namba D au namba E, hauna budi kuanza gari likiwa baridi, asubuhi, kabla mwenyewe hajaliwasha. Kitufe kikibonyezwa pamoja na breki, neno READY huwaka na mara nyingi injini huwa bado haijanguruma. Ukimya huo ndio hali yake ya kawaida. Kisha huangaliwa mchoro wa betri kwenye kioo cha dashibodi. Betri nzima hupanda na kushuka taratibu. Betri iliyochoka hujaa haraka isivyo kawaida, ikaisha haraka isivyo kawaida, na injini ikawa haizimi hata gari likisimama. Feni ya betri nayo husikika nyuma ya kiti. Ikipiga kelele muda wote, kuna joto linalotafuta pa kutokea. Mwisho mashine ya kupimia huchomekwa chini ya usukani. Mashine nzuri husoma volti za kila kundi la seli, na ni hapo makundi mawili au matatu yaliyolegea huonekana yakiachana na mengine, hasa dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu. Mashine ya bei poa, ambayo kazi yake ni kufuta taa, haitoshi. Tena ni ya kuogopwa, kwa sababu muuzaji asiye mwaminifu huitumia dakika kumi kabla mteja hajafika. Alama ya P0A80, inayosema betri ya haibridi imekwisha, ikifutwa leo hurudi baada ya siku chache za kuendesha. Gari likikutwa halina alama yoyote na kumbukumbu zake zote zimefutwa upya, hilo lenyewe ni jibu.

Kuna kero nyingine ambayo hakuna anayemwambia mnunuzi. Kioo cha dashibodi ya Crown hii huongea Kijapani. Hitilafu ikitokea, huja pembetatu nyekundu na mstari wa maandishi ya Kijapani, na mwenye gari husimama pembeni ya barabara ya Kidahwe akiutazama mstari huo asijue kama ameambiwa azime gari mara moja au aongeze maji ya kusafishia kioo. Simu yenye programu ya kutafsiri kwa kamera hutatua jambo hilo kwa sekunde chache, na mafundi wa siku hizi hufanya hivyohivyo. Ramani yake nayo ni ya Japani, haimfai mtu kitu Kigoma. Redio nayo ina ya kwake: FM ya Japani kwa asili huishia megahezi 90, na ya magari mapya kidogo 95, wakati masafa ya huku huendelea hadi 108. Mwenye Crown anayetaka kusikia kituo cha juu ya hapo hana budi kufungiwa kifaa cha kushusha masafa. Ni kifaa cha bei ndogo, na bila hicho gari la kifahari hupitwa na redio ya bajaji.

Mazingira ya Kigoma yana yanayolifaa gari hili na yasiyolifaa. Hakuna chumvi ya bahari. Maji ya Tanganyika ni matamu, na bodi haili kutu kama ya gari la Tanga au Mtwara. Mji una miteremko. Kutoka Mwanga kushuka Barabara ya Lumumba hadi stesheni, mguu ukiwa kwenye breki kwa upole, mchoro wa betri huonekana ukijaa mstari kwa mstari bila tone la petroli kuungua, kisha umeme huohuo husaidia kupanda tena. Anayebana breki kwa kushtukia hapati faida hiyo, kwa sababu breki ya kawaida huingilia kati na nguvu yote hupotea kwa joto la pedi.

Lisilofaa ni vumbi. Tangu Juni hadi Septemba vumbi jekundu la barabara za mitaa hupenya kila mahali, na betri ya haibridi hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kupitia matundu yaliyo karibu na kiti cha nyuma. Chujio na feni yake huziba, betri hupata joto, na joto ndilo adui mkubwa wa seli za nikeli. Fundi akifungua sehemu hiyo kwenye gari lililokaa Ujiji miaka miwili hukuta feni imevaa koti la vumbi na nywele za mazulia. Kuisafisha ni kazi ya saa moja au mbili. Kutoisafisha ndiko kunakoua betri ambazo zingeishi miaka mingine kadhaa, na hapa ndipo wenye Crown wengi hupoteza hela kizembe kabisa.

Mizigo ina hatari yake. Kigoma haiagwi mikono mitupu: anayeondoka hubeba dumu la mawese, mgebuka wa kukausha, dagaa wa Kibirizi. Dumu likilazwa kwenye buti ya Crown limelala ukuta kwa ukuta na betri ya volti 200, na mawese yakivuja hupita chini ya zulia, yakanasa vumbi, yakafika kwenye viunganishi. Gunia la dagaa likirundikwa kwenye kiti cha nyuma nalo huziba matundu ya hewa. Dumu husimamishwa ndani ya beseni, na kiti cha nyuma huachwa wazi upande wa matundu. Harufu ya dagaa ni shauri la mwenye gari na familia yake.

Maji ni suala zito zaidi. Kati ya mwaka 2019 na 2021 ziwa lilipanda kuliko wengi walivyokumbuka, likala fukwe, likaingia kwenye majengo ya kando ya maji kuanzia Bujumbura hadi Kalemie na kwenye mialo ya Kigoma, na miaka iliyofuata halikurudi haraka. Barabara iliyokuwa kavu ikawa dimbwi. Gari la kawaida likizama hadi kwenye viti hukaushwa, hubadilishiwa oili, na wakati mwingine hurudi barabarani. Crown ya haibridi iliyozama hadi hapo betri yake imekunywa maji, na vifaa vyake vya kompyuta chini ya zulia vimekwisha. Mfumo wake hukata umeme mkubwa ukihisi hitilafu, kwa hiyo anayeingia majini kumsaidia aliyekwama hana sababu ya kukimbia, ila asiguse waya wa chungwa uliochubuka. Baada ya hapo gari si la kuwashwa kwa majaribio. Kwa mnunuzi, tope jembamba ndani ya mikanda ya viti ikivutwa hadi mwisho, na kutu kwenye skrubu za chini ya kiti, husema kama gari liliwahi kulala majini, liwe la Kigoma au la Dar es Salaam ya Jangwani.

Matatizo mengi yanayoitwa ya betri kubwa ni ya betri ndogo. Crown ina betri ya pili ya volti 12, nayo imekaa kwenye buti. Kazi yake si kuzungusha injini bali kuamsha kompyuta. Ikifa, READY haiwaki, dashibodi huleta taa za kila rangi, na fundi mwenye haraka hutangaza kwamba haibridi imekufa. Kulisukuma gari hakusaidii lolote, hata wakijitokeza vijana kumi. Betri hiyo ni ya aina iliyofungwa, yenye mpira wa kutolea hewa nje, na haifai kuwekewa ile ya kawaida ya kuongeza maji, kwa sababu gesi yake itabaki ndani ya gari. Hufa zaidi kwa magari yanayosimama. Wenye magari wanaofanya kazi Dodoma na kuacha Crown imefunikwa turubai Bangwe miezi mitatu hurudi kukuta zote mbili zimeishiwa. Mwongozo wa Toyota husema gari la haibridi liendeshwe angalau dakika 30 au kilometa 16 kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa betri ndogo, mara moja kwa wiki ni afadhali zaidi.

AC ni mtego mwingine. Kompresa yake haizungushwi na mkanda. Ina mota ya umeme mkubwa ndani, na oili yake ni maalumu, isiyopitisha umeme. Fundi wa gesi anayemimina oili ya kompresa za kawaida, kama alivyozoea kwenye Noah na IST, huharibu kinga ya nyaya, na gari hukataa kuwaka kwa hitilafu isiyoonekana kuhusiana na AC hata kidogo. Breki nazo zina kompyuta yake. Pedi hudumu sana, kwa sababu mota ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, ila kutoa hewa kwenye mfumo huhitaji mashine, na kifaa kikuu cha breki kikifa bei yake inasikitisha. Inveta ina maji yake ya kupoza, mbali na yale ya rejeta, na pampu yake ndogo ikisimama gari hupunguza nguvu lenyewe. Injini hutaka oili nyepesi ya 0W-20. Ile nzito ya lori haifai. Gari likikwama, hubebwa juu ya gari lingine au huvutwa magurudumu ya nyuma yakiwa yameinuliwa, kwa kuwa yakizunguka chini mota nayo huzunguka na kuzalisha umeme usiotakiwa.

Kigoma ina mafundi hodari wa injini, tena wengine wamejifunza kwa maboti na majenereta. Mafundi wa umeme mkubwa ni wachache, na vifaa vyao ndivyo vya kuulizwa kwanza: glovu za mpira zisizopitisha umeme, mashine inayosoma seli, na desturi ya kuchomoa plagi ya usalama ya betri kisha kusubiri dakika kumi kabla ya kugusa kitu. Asiye na glovu ni fundi mzuri wa kubadilisha shokapu. Betri yenyewe hushushwa Mwanza au Dar es Salaam mara nyingi, au spea huagizwa Gerezani, Kariakoo, ikaja kwa basi kama mzigo. Njia ni mbili. Kubadilisha makundi machache yaliyokufa ni nafuu, ila makundi mapya na ya zamani hayalingani nguvu, na aghalabu lingine huanguka baada ya miezi. Kubadilisha betri nzima hugharimu milioni kadhaa, na hapo swali ni kama iliyoletwa ni mpya kweli au imetolewa kwenye gari lililogongwa Japani likiwa na umri uleule. Tarehe ya kutengenezwa huwa kwenye kibandiko cha betri, na ni ya kusomwa kabla hela haijatoka.

Petroli huleta faraja. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Kigoma, kwa umbali wake na bandari, huwa miongoni mwa mikoa ya bei ya juu. Mara nyingi lita hupita ya Dar es Salaam kwa shilingi mia mbili na ushee. Kwenye kipimo cha Kijapani Crown ya haibridi hufika kilometa 23.2 kwa lita, na ya petroli ya silinda sita 11.4. Barabarani hazifiki huko. Ikichukuliwa kwamba haibridi inakwenda kilometa 14 na ya petroli 8.5, anayetembea kilometa 10,000 kwa mwaka kwa petroli ya shilingi 3,000 huokoa takriban shilingi milioni 1.4. Anayezunguka kati ya Ujiji na Kigoma mjini, kilometa nane hivi, na kulipaki gari siku nyingine, hafikishi nusu ya kilometa hizo, wala nusu ya akiba. Kwa mtu huyo haibridi hainunuliwi kwa kuokoa hela. Inanunuliwa kwa utulivu wake na kwa starehe, na hakuna ubaya kusema hivyo waziwazi. Anayekwenda Kasulu na Kibondo kila wiki ndiye anayerudishiwa, mradi hela hiyo aiweke kando kwa ajili ya betri badala ya kuila. Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayechoma kidogo hulipa kidogo hapo pia.

Petroli yenyewe iwe safi. Injini ya CC 2,493 hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa huharibu nozeli zake. Uchakachuaji umepungua tangu vinasaba vilipoanza kuwekwa mwaka 2010 na kodi ya mafuta ya taa kupandishwa mwaka uliofuata, ila petroli ya kwenye chupa vijijini haijui habari za vinasaba.

Bima kubwa ndiyo inayofaa gari hili, kwa kuwa bima ndogo hulipa tu madhara aliyofanyiwa mtu mwingine. Hata bima kubwa hailipi betri iliyochakaa. Mafuriko yawemo kwenye mkataba kwa maandishi.

Kuliuza Kigoma ni kugumu kuliko kulinunua. Wenye hela mkoani hutaka gari linaloweza kufika Kakonko wakati wa masika, na madereva wa abiria hutaka Noah au Probox. Ng'ambo ya ziwa, Kongo na Burundi, watu huendesha upande wa kulia wa barabara. Magari ya usukani wa kulia yapo tele Bujumbura, ila ni madogo ya biashara. Mnunuzi wa Crown mara nyingi hupatikana Mwanza au Dar es Salaam, naye huja na fundi wake na mashine yake. Mwenye risiti za kusafisha feni, picha za volti za seli na karatasi ya mnada hupunguziwa maneno. Mkataba huandikwa mbele ya wakili, madeni ya trafiki husafishwa, na umiliki huhamishwa TRA kabla gari halijaondoka, kwa sababu hadi hapo kila tochi itakayolinasa huko Tabora itamwandikia deni aliyeliuza.

Betri iliyotolewa hubaki. Wanunuzi wa vyuma chakavu hutafuta risasi ya betri za kawaida, na hii ni ya nikeli; wakiivunja kwa nyundo hukutana na maji makali yanayochoma ngozi na umeme uliobaki ndani ya seli. Wauza betri za haibridi Dar es Salaam hupokea ya zamani na kupunguza bei ya mpya, kwa hiyo gharama ya kuirudisha kwa lori hupigiwa hesabu wakati uleule wa kuagiza.